Aliyekosa Haondoki

Katika duka lile la kukodisha magauni ya harusi, gauni lililoheshimiwa kuliko yote lilikuwa limekwisha kuolewa mara nyingi kuliko ukoo mzima. Lilikuwa limebanwa kwa ajili ya wembamba, likalegezwa kwa ajili ya wanene, likapandishwa pindo, likashushwa, likapandishwa tena. Nje lilikuwa jeupe pe. Ndani, ukiligeuza, lilikuwa makovu matupu ya sindano. Wenye duka hawakuona kejeli yoyote katika hali hiyo. Waliona gauni imara.

Wenye duka walikuwa wanawake wawili. Mmoja aliitwa Sindano, kwa sababu ndiye aliyefumua na kushona. Mwenzake aliitwa Pasi, kwa sababu ndiye aliyefua, akatia wanga na kunyoosha. Majina waliyopewa na wazazi walikuwa nayo bado, lakini yalikuwa hayana kazi. Urafiki wao ulianzia kwenye dawati moja la shule, ukahamia katika chumba kimoja cha kupanga, ukaishia dukani, na katika safari yote hiyo hakuna aliyeusifu, maana watu husifu kile wanachokiogopea kuvunjika. Wote wawili walikuwa wamevuka umri ambao ndugu huuliza "lini?", wakaingia ule ambao ndugu huuliza "kwa nini?"

Kazi ya magauni ina kungoja kwingi. Wanga haukauki kwa kuhimizwa, na doa la mafuta halitoki kwa matusi. Katika kungoja huko Pasi alimsomea mwenzake riwaya kuukuu, zenye kurasa za manjano, alizonunua kwa muuza vitabu wa mitumba aliyetandika turubai kwenye kona. Zilikuwa za nchi mbalimbali na za enzi mbalimbali, ila zote zilihusu ndoa, na zote zilikuwa na mazoea yaleyale. Mwanzoni wasichana wawili wanapendana kama chanda na pete. Kabla kitabu hakijapata joto anaingia mwanamume mwenye mali na huzuni. Mwishoni mmoja wao ameolewa, na mwingine amepatwa na ugonjwa wa kifua, au utakatifu, au roho mbaya.

"Na huyu aliyekosa," Sindano aliuliza siku moja, pini zikiwa mdomoni, "wamempeleka wapi?"

"Amekwenda kwa shangazi yake."

"Kufanya nini?"

"Hawasemi. Kitabu kimekwisha."

"Kimekwisha na yeye bado yuko njiani na sanduku?"

"Shoga, mimi nasoma tu. Sikuandika."

Sindano alichomoa pini moja akaichoma mahali pake. Hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya watu wa vitabuni. Aliudhika tu, kama fundi anavyoudhika akiona kazi ya fundi mwingine imeachwa bila kupindwa.

Mpima ardhi aliingia dukani akiwa amebeba gauni mikononi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Dada yake mdogo alikuwa amelikodi, pindo likachanika, na kaka ndiye aliyetumwa kulirudisha na kuomba radhi, kazi aliyoifanya kwa unyenyekevu ambao ungedhani ndiye aliyelivaa. Alikuwa mtu mzima, hajaoa, viatu vyake vimejaa vumbi la mashamba ya watu. Wiki iliyofuata alirudi kuulizia kifungo ambacho hakikuwa kimepotea. Baadaye akaacha kutafuta visingizio. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kile cha kungojea wateja wanaojaribu nguo, akasimulia habari za mipaka: namna majirani wawili wanavyoapa mbele ya kigingi kilekile, kila mmoja kwa kaburi la baba yake, na kigingi kimesimama kimya kwa kuwa kinajua ukweli. Alisema polepole, akiacha sentensi nyingine njiani. Wote wawili walimsikiliza.

Sindano alijitambua siku alipojikuta anafumua mshono usio na kosa lolote, kwa sababu tu mshono huo ulikuwa kwenye meza iliyo karibu na mlango. Alijitazama mikono kwa mshangao, kama mtu aliyemkuta mgeni jikoni. Kisha akaurudishia mshono, akanyamaza. Alipoinua macho, aliona kwamba Pasi amevaa blauzi yake ya Jumapili, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Pasi naye alinyamaza.

Mtaa haukunyamaza. Kinyozi wa upande wa pili wa barabara aliwauliza wateja wake, wembe ukiwa shingoni mwao, kama yule bwana ni wa Sindano au ni wa Pasi, na wateja walikuwa na sababu nzuri ya kutoa maoni haraka. Hatimaye habari zilimfikia shangazi yake Sindano, mwanamke aliyeamini kwamba mpwa wake hakuolewa kwa ukosefu wa usimamizi. Alikuja dukani asubuhi, Pasi akiwa uani anaanika.

"Anapoongea, anamtazama nani?"

"Anatazama viatu vyake, shangazi."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu. Yule mwenzako mpole, na wapole ndio wabaya. Mimi nimeyaona. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguoni ninaangalia kila siku, shangazi. Ndiyo kazi yangu. Huwa nakuta pini."

"Cheka tu. Utabaki na kovu."

"Sicheki," alisema Sindano, na ilikuwa kweli.

Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia. Alilala nalo, akaamka nalo, na alipolichunguza aligundua kwamba linamtaka achague moja kati ya mambo mawili: ampiganie mwanamume huyu, au amwachie mwenzake. Kupigana hakukuwa katika tabia yake. Basi, bila kushauriana na mtu, alichagua lile la pili, na akajisikia mwema kama wasichana wa riwaya, wale wanaosogea dirishani na kutazama mvua ili wenzao wachumbiwe.

Mpima ardhi alipokuja tena, Sindano alikumbuka ghafla kwamba lesi imekwisha. Akachukua mkoba akatoka. Mara iliyofuata uzi mweupe ndio uliokwisha. Iliyofuata, mafuta ya cherehani. Alizunguka sokoni akinunua vitu vilivyokuwa vimejaa kabatini, moyo ukimuuma kwa namna ya heshima. Hakuuliza mambo yanaendaje, na Pasi hakusema.

Aliyesema ni kinyozi.

"Mama Sindano," alimwita siku moja alipomwona akivuka barabara, "yule bwana wenu ni mzima?"

"Mzima kwa vipi?"

"Maana anaongea na sanamu. Zile zenu za kuvalishia nguo. Jana alikuwa peke yake humo ndani mpaka mteja akaingia, yeye ndiye akamhudumia. Akamwambia shela inakodishwa mbali."

Sindano alisimama katikati ya barabara na lesi yake isiyohitajika. Kisha, badala ya kuingia kwa mlango wa mbele, alizunguka kwenye kichochoro cha nyuma, na hapo akakutana uso kwa uso na Pasi, amekumbatia pakiti ya wanga. Pakiti za wanga dukani zilikuwa zimefika dari.

"Dukani yuko nani?" aliuliza Sindano.

"Yuko yeye."

"Na nani?"

Pasi alitazama pakiti. "Nilidhani na wewe."

"Mimi nimetoka ili nikuachie wewe!"

"Mimi nimetokea mlango wa nyuma ili nikuachie wewe!"

Walitazamana. Mtu asiyewajua angetegemea kicheko. Badala yake Pasi aliweka wanga chini, polepole, kama mtu anayevua saa kabla ya ugomvi.

"Nani kakutuma uniachie? Mimi ni paka, unisogezee sahani?"

"Na wewe je? Hukunisogezea?"

"Mimi nilikuwa nafanya wema!"

"Hata mimi!"

"Wema wako una dharau ndani. Ulijua ukikaa atakuchagua wewe, ndiyo maana ukatoka. Kama ungeona nina nguvu ungebaki ukapigane."

"Na wako umetiwa wanga. Ulitaka nikae nikikushukuru mpaka nife."

"Kidogo," alikiri Pasi. "Nilifikiria ungenishukuru kidogo."

Paka wa kichochoroni, wa kweli huyu, alipita kati yao bila kuonyesha kupendezwa. Sindano alivuta pumzi. Kulikuwa na sentensi ambayo hakuwahi kuisikia katika kitabu chochote alichosomewa, kwa maana wasichana wa humo ama waliificha ama walifia nayo.

"Namtaka yule bwana," alisema. "Nakuambia wewe kabla ya kumwambia yeye. Namtaka, na sikuachii."

Pasi alikaza kidevu. "Hata mimi namtaka. Na sikuachii."

"Vizuri. Basi turudi ndani tukae wote wawili, aseme mwenyewe. Ana mdomo."

"Na atakayekosa?"

"Kesho ana kazi. Kuna magauni ya Jumamosi."

Pasi alifikiri, akaokota wanga wake. "Tangulia," alisema. "La, usitangulie. Twende sawa." Mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba, wakabanana, wakaingia.

Mpima ardhi alikuwa anamrekebishia sanamu shela. Alipowaona wote wawili kwa mpigo alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Bwana mpima," Pasi alisema, "tuna swali moja. Hapa unakuja kwa nani?"

Alitazama viatu vyake. Viatu havikumsaidia. "Kwa huyu," akasema, akimwonyesha Sindano kwa kidevu. "Tangu siku ile ya pindo. Ila kila nikija anatoka. Nikasema, basi, hanitaki. Halafu na wewe ukaanza kutoka. Nikasema, basi, nanuka."

"Hunuki," alisema Pasi. Akaichomeka pasi kwenye umeme, akasubiri ipate moto, akaanza kunyoosha mkono wa gauni ambao ulikuwa umekwisha kunyooshwa. Aliunyoosha mpaka ukang'aa. Sindano alitaka kufurahi, akafurahi. Lakini furaha ilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine, na kila alipogeuka ilimvuta begani.

Kesho yake Pasi alifika kazini kwa wakati. Alifua, akaanika, akakunja. Hakusoma. Mchana, mikono ikiwa kwenye beseni, alisema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa:

"Nina wivu."

"Najua."

"Usinifariji."

"Sikufariji."

"Na usifurahi kwa kunyata kwa ajili yangu, kama mtu anayetafuna kwenye msiba. Inaniudhi zaidi."

"Nifurahi kwa sauti?"

"Kwa kiasi," alisema Pasi, akakamua shela kwa nguvu ambazo shela haikuwa imezistahili.

Hivyo ndivyo walivyoendelea, na kwa hakika hakikuwa kitu kizuri cha kutazama. Zilikuwepo siku ambazo Pasi hakutaka kusemeshwa, na siku ambazo mpima ardhi aliingia, na Pasi akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Sindano alimwacha atazame ukuta. Alichokihofia hakikuwa wivu huo, uliokaa mezani mbele ya wote kama mkasi, ila siku ambayo angefika dukani akute kiti kitupu na ujumbe kwa kinyozi kwamba Pasi amekwenda kwa shangazi yake.

Siku hiyo ilianza kuandaliwa sebuleni kwa shangazi mwingine, yaani wa Sindano mwenyewe. Shangazi alimwalika dada mkubwa wa mpima ardhi, muuguzi mkuu mstaafu, ambaye alikuwa ameamrisha wodi kwa muda mrefu hata sasa alizungumza na kila mtu kama amelala kitandani. Wanawake hao wawili, ambao hawakuwahi kuonana, walielewana kwa kasi ya kutisha. Kabla ya vikombe kupoa, Sindano na mpima ardhi wakiwa wameketi papo hapo, wanawake hao walikuwa wamekwisha kupanga tarehe, ukumbi, na kuondoka kwa Pasi.

"Agawiwe sanamu zake mbili na ile pasi," alisema shangazi, "aende akafungue mtaa mwingine. Kwa amani."

"Kosa lake ni lipi?" aliuliza Sindano.

"Hana kosa," alisema muuguzi. "Ana sababu. Mwenye sababu ni wa kuwahiwa, kama homa. Mwanamke aliyemtaka mumeo hakai chumba kimoja nawe."

"Tumekaa."

"Mmekaa hujaolewa. Hiyo ilikuwa subira. Sasa ni hatari."

"Paka na samaki, mwanangu," alisaidia shangazi.

Sindano alimgeukia mpima ardhi, aliyekuwa akichunguza pembe ya meza kana kwamba haikuwa na nyuzi tisini. "Na wewe unasemaje?"

Mpima ardhi alikohoa. "Dada ana uzoefu," alisema.

Sindano aliweka kikombe chake kwenye kisahani bila mlio, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea vitu vinavyochanika, akasimama.

"Mume namtaka," alisema. "Nimelitamka neno hili kichochoroni na ninalitamka hapa, silionei haya. Lakini nimechoka na hii habari ya kwamba mmoja akiingia lazima mwingine atoke. Kila mahali ninaisikia, kwa kinyozi, vitabuni, sasa hapa kwenye kochi. Sisi dukani, gauni likibana tunalilegeza. Hatumkati bibi harusi. Kama nyumba ya bwana huyu imebana kiasi kwamba siingii mpaka rafiki yangu afukuzwe kwenye kazi yake, basi nyumba hiyo haikupimwa kwa ajili yangu. Yule haondoki. Anayetaka kumwondoa aanze na mimi."

"Kaa chini," alisema muuguzi.

"Mimi si mgonjwa wako, dada."

"Utazeeka peke yako!" shangazi alipiga kelele.

Sindano alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Shangazi yangu mpenzi," alisema, "tangu darasa la kwanza sijawahi kuwa peke yangu. Hilo ndilo linalowakosesha usingizi."

Alirudi kwa miguu, jua likiwa bado kali, na njiani hakujisikia shujaa. Alijisikia mtu aliyeacha mume kwenye kochi la shangazi yake. Dukani Pasi alikuwa amelaza gauni lililolowa juu ya meza, anatoa doa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema uondoke."

Mkono wa Pasi ulisimama juu ya doa. "Na wewe?"

"Nikaondoka mimi."

Pasi aliitupa sponji ndani ya ndoo. "Mwanamke huyu! Tulikubaliana nini? Hakuna wema! Umemwacha mwanamume mzima, anayefanya kazi, asiyekunywa, ili mimi niubebe mzigo huo kichwani mpaka kaburini?"

"Haukuwa wema. Ulikuwa ukaidi."

"Tofauti yake nini?"

"Wema ningekufanyia wewe. Huu nimejifanyia mwenyewe. Hata ungekuwa nyoka kama wanavyosema ningekataa, kwa sababu nyoka ni wangu, na duka ni letu, na mimi sipangiwi."

Pasi aliokota sponji, akalirudia doa. Sindano akavuta gauni lingine, akaanza kufumua. Doa halikutoka.

Mpima ardhi alitokea mlangoni jasho likimtiririka. Hakuingia. Sindano hakumwambia ingia.

"Nilibaki pale kidogo," alisema. "Nikawa nafikiri."

"Muda wote huu?" aliuliza Pasi.

"Mimi hufikiri polepole. Katika kazi yangu ukipima haraka watu wanakatana mapanga." Alifuta uso. "Nimemwambia dada kwamba najua namna ya kumwondoa mtu kwenye eneo lake. Naitwa kufanya hivyo mara kwa mara. Nachomeka vigingi, naondoka, sigeuki nyuma. Nikamwambia sitaki kazi hiyo nyumbani kwangu."

"Akasemaje?"

"Kasema haji harusini."

"Nawe?"

"Nimemwambia kiti chake tutakiweka mbele. Atakuja. Hajawahi kukosa mahali pa kukosoa."

Sindano aliendelea kufumua. Alitaka sana kuinua uso, na kwa sababu alitaka sana, alingoja mpaka uzi umalizike. "Ulisema dada ana uzoefu."

"Nilisema."

"Nilikuuliza mbele yao, ukanitupa."

"Nilikutupa. Ndiyo."

"Ukirudia, nitaondoka tena, na siku hiyo usinifuate."

"Sirudii," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alimaliza sentensi na akaangalia mtu usoni. Ndipo Sindano alipomwambia aingie, afute viatu.

Pasi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa uso wa mtu anayekagua nguo iliyorudishwa. Wivu wake haukuwa umepungua hata chembe, wala hakujaribu kuuficha.

"Mimi nitasimama harusini upande wako," alimwambia Sindano. "Mstari wa mbele. Waje waniangalie, kinyozi na shangazi na muuguzi wao, wanione sijafa kwa kifua. Lakini nitanuna. Nakuambia mapema. Nitanuna tangu mlangoni hadi kwenye picha, na asitokee mtu wa kuniambia tabasamu."

"Nani kakuomba utabasamu?" alisema Sindano, akauvuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. "Simama wima, nipime mabega. Na usivute pumzi. Safari hii nalishona gauni lako la kudumu, si la kukodi."